Nilizunguka visiwa nikimtafutia mke wangu pa kuogelea, kumbe alikuwa ameniomba kitu kingine

Wakuu, salamu kutoka Kathiani, huku milimani Machakos. Wazee, akina mama, na nyinyi vijana wa niaje, wote nawasalimu.

Nimekuwa hapa jukwaani kama msomaji tu, karibu miaka miwili. Wiki hii nimeona member ameuliza: yeye na mkewe wanapenda snorkeling, waende Wasini, Zanzibar ama Mafia?

Majibu yamekuwa mengi, na mengine naona yametoka kwa watu ambao hawajawahi kulowesha hata kichwa.

Mimi zote tatu nimefika. Nitawaeleza vile niliona kwa macho yangu, na pale penye aibu yangu nitaiacha hapo hapo, sitaifunika.

Kwa wale wasiojua: snorkeling ni kuelea kifudifudi, umevaa miwani ya maji na mrija mdomoni, unaangalia samaki chini yako. Haihitaji mitungi ya hewa. Hata mtu wa Ukambani anaweza.

Mimi ni mwalimu wa Geography. Mke wangu aliitwa Ndinda, nurse kwa hospitali moja hapo Machakos mjini. Mimi nilimwita Sister, yeye akaniita Mwalimu, hata tukiwa wawili tu jikoni.

Tulioana katikati ya miaka ya tisini. Rafiki yangu wa college alikuwa anafundisha Shimoni, akatuambia honeymoon tusiitupe Nairobi, twende kwake. Kutoka Shimoni unavuka kidogo tu, uko Wasini.

Mwenye boti akatupa miwani na mirija. Mimi nilivuta pumzi kwa pua, nikanywa maji ya chumvi, nikarudi juu ya boti nikikohoa kama mbuzi.

Ndinda aliingiza kichwa na hakukitoa robo saa nzima.

Alipokitoa alikuwa anapiga kelele. "Mwalimu! Kuna samaki wa bluu anatafuna jiwe! Namsikia akitafuna! Shuka!"

Nikashuka. Alinishika mkono, na mkono huo hakuuachilia mpaka tuliporudi botini. Akiona kitu kushoto anaufinya mara moja, kulia mara mbili. Siku hiyo nilifinywa mpaka vidole vikafa ganzi.

Tangu hapo tulikuwa watu wa bahari, sisi ambao nyumbani maji yetu yanabebwa na punda.

Alinunua drum ya plastiki, akaiweka nyuma ya nyumba, akawa anaingiza kichwa humo kujifunza kubana pumzi. Jirani yetu mmoja, mama wa kanisa, alikuja kuniuliza polepole kama tumehamia dhehebu la kubatizana kila jioni.

Sasa niseme juu ya Wasini, ndio nisionekane nimepotea njia.

Wasini ni ya couple inayoanza. Asubuhi maji yametulia, pomboo wanakuja karibu na boti, miamba ya Kisite haiko kina kirefu. Ukitoka majini unakula kaa na wali wa nazi. Kisiwani hakuna gari hata moja. Ubaya ni kwamba ule mwaka wa El Nino bahari ilipata joto, na tuliporudi baadaye tukakuta matumbawe yamekuwa meupe kama mifupa. Najua yamepona sana tangu wakati huo. Lakini siku hiyo Ndinda alikaa pembeni ya boti, akasema, "Tusirudi hapa mpaka ipone. Tutafute kwingine."

Kabla hatujatafuta, akapata kazi Uingereza.

Mnakumbuka miaka hiyo, nurses walikuwa wanaondoka kama siafu. Kwa ward yake waliondoka wanne. Tulikubaliana miaka miwili, ajenge jina, tujenge nyumba.

Pale airport nilikuwa nimekazana kutolia. Akajaribu kunichekesha. "Mwalimu, wewe baki ufanye homework. Tafuta kisiwa. Nikija leave tunaenda."

Nilirudi Kathiani nikaichukua hiyo homework kama mtihani wa taifa.

Wakuu, kukaa kwa nyumba ambayo mtu ameondoka ni kazi. Nilikuwa napika muthokoi, yale mahindi yetu ya kukobolewa na maharagwe, Jumapili, naila mpaka Jumatano, si kwa uvivu, ni kwamba sufuria letu lilikuwa la watu wawili na sikutaka kununua lingine. Nilikuwa nabaki staffroom mpaka watchman aje kuniuliza kama kuna shida.

Kitu kilichonipa nguvu ni visiwa.

Nilichukua manila paper, ile tunachorea ramani, nikabandika ukutani sitting room. Nikapiga mistari: mawimbi, matumbawe, samaki, umati, usafiri. Nikachukua pasipoti ya East Africa, ile ya kuzunguka hizi nchi zetu tatu tu, na Desemba hiyo nikaenda Zanzibar.

Zanzibar, member, sikiliza vizuri. Kisiwa chenyewe ni kizuri na mna mengi ya kufanya mkitoka majini. Snorkeling ya maana iko kaskazini mashariki, unachukua boti Matemwe unaenda Mnemba. Maji ni safi, unaona mpaka mchanga wa chini. Lakini boti ni nyingi. Nilipigwa teke la mapezi, yale ya mpira ya kuvaa miguuni, usoni na Mzungu mmoja, nikageuka nikapigwa na mke wake.

Kilichoniuma si teke. Kabla hatujaingia majini, nahodha alisema kila mtu awe na mwenzake, waangaliane. Watu wakajipanga wawili wawili. Nikabaki mimi.

Nahodha akauliza, "Wewe mwenzako nani?"

Nikasema, "Niko peke yangu."

Akanitazama kidogo, akanionyesha mpishi wa boti. "Basi huyu atakutazama kutoka juu." Kwa hivyo nilielea pale Mnemba nikiangaliwa na mtu aliyekuwa anamenya viazi.

Kila Jumamosi nilikuwa nashuka Machakos, kwa cyber moja nyuma ya stage, nikamwandikie Ndinda email. Nilimweleza Zanzibar yote. Yeye alikuwa anajibu vizuri, na karibu kila mara mwishoni aliuliza kama nimeanza mambo ya visa ya kwenda kumwona. Nami nilijibu kwamba nitaangalia, shule imebana, mama yangu hajisikii vizuri.

Miaka miwili ikaisha, akaongeza contract. Desemba iliyofuata nikaenda Mafia.

Mafia ni mbali. Mara hiyo nilienda kwa boti kutoka Tanzania bara, siku nzima, nikatapika mpaka nikaomba radhi kwa watu nisiowajua. Lakini wakuu, matumbawe ya ghuba ya Chole ni kama shamba ambalo mtu amelipanda kwa mkono. Umati hakuna. Unaweza kuelea saa nzima usione mguu wa mtu mwingine.

Na kule upande wa Kilindoni, miezi hiyo, kuna potwe. Huyo ni papa mkubwa kama lori, mwenye madoa mgongoni, na haumi mtu. Nahodha wangu, Bwana Omari, alishuka na mimi majini kwa sababu nilimwambia ninaogopa.

Potwe akapita chini yetu. Polepole, mdomo wazi. Nikaona madoa, nikaona jicho dogo.

Bila kufikiri nilinyoosha mkono wa kushoto, nikashika mkono, nikaufinya kwa nguvu.

Ulikuwa mkono wa Bwana Omari.

Tulipotoa vichwa alikuwa anacheka. "Mwalimu, mbona wanibana hivi? Wadhani mimi mkeo?" Halafu akaniona uso, akaacha kucheka. "Yuko wapi?"

"Uingereza."

"Basi mfuate, bwana."

Alisema hivyo tu, kama mtu anayekuonyesha njia ya kwenda sokoni. Mimi nikamwambia ni ngumu, kuna mambo mengi. Akashusha miwani yake, akaingiza kichwa majini.

Niliporudi nilimwandikia Ndinda email ndefu kuliko zote, na picha juu yake. Akajibu mistari mitatu. Yuko shift, picha ni nzuri, atasoma vizuri baadaye. Mara hiyo hakuuliza juu ya visa. Nami, Mungu anisamehe, nilifurahi kwamba hakuuliza.

Sasa niseme ukweli ambao sijawahi kumwambia hata ndugu yangu. Mama hakuwa mgonjwa sana. Shule haikubana. Niliogopa. Kulikuwa na mwalimu mwenzetu alimfuata mkewe nurse huko, akarudi baada ya miezi michache, na kwa staffroom walimcheka, wakamwita bwana wa nurse. Nilijiona nikishuka airport ya watu, sijui hata basi inapandiwa wapi, nikimuuliza mke wangu njia kama mtoto wa nursery. Hapa Kathiani mimi ni Mwalimu. Kule ningekuwa nani?

Basi kila mara nilichagua kisiwa.

Mwaka wa nne alikuja leave, mara ya kwanza tangu aondoke, wiki tatu. Alikuwa amenenepa kidogo, amependeza. Aliingia nyumbani, akasimama mbele ya ile manila paper, handbag ikiwa bado begani, akaisoma yote kutoka juu mpaka chini.

"Umefanya kazi kubwa, Mwalimu," akasema. Alisema kwa ile sauti anayotumia kwa wagonjwa.

Tulienda Mafia. Mara hii tulipanda ndege ndogo kutoka Dar. Nilikuwa nimempanga Bwana Omari, nimepanga mpaka samaki wa kula jioni.

Siku ya kwanza majini nilinyoosha mkono. Ndinda alikuwa ameshaenda.

Wakuu, mke wangu alikuwa amejifunza kuogelea. Kuogelea kabisa, kwa mikono na miguu, kwa swimming pool ya huko, kila asubuhi kabla ya kazi. Alikata maji kama mtu wa pwani. Mimi nilikuwa bado ni yule wa kuelea na kushikwa. Nilimwona kwa mbali, miwani chini, mgongo juu, akiangalia mambo ambayo sikuyaona.

Nilimngoja karibu na boti. Alirudi akiwa ametulia, akamsifu Bwana Omari kwa maji safi.

Saa tisa hivi tulikuwa tumekaa kwa veranda ya banda letu, tunakunywa chai. Nikamuuliza kama kisiwa hakijampendeza.

"Ni kizuri sana," akasema. "Ni kizuri kuliko Wasini."

"Sasa shida ni nini, Sister?"

Alizungusha kikombe kwa muda. "Kisiwa nilikuomba mara moja, airport, ili usilie. Uje kwangu, hilo nilikuomba kila mwezi, miaka mitatu."

Nikaanza habari ya mama, habari ya shule.

Akanikatiza pole pole. "Mwalimu, ulienda Nairobi, ukapanga laini, ukachukua pasipoti ya East Africa. Ile ya kuja kwangu ilikuwa dirisha lililofuata."

Nikachukua birika, nikamwongezea chai ambayo hakuiomba.

Akaniambia mambo ambayo hakuandika kwa email. Kwamba mwaka wa kwanza alikuwa anaweka sahani mbili mezani kwa makosa. Kwamba alikuwa ametafuta nyumba karibu na library ndio nikija nisiboeke. Kwamba mwaka wa pili alimwambia kila mtu kazini mume wake anakuja Krismasi, na Krismasi ikafika, na alipoulizwa akasema ndege imechelewa. Alicheka hapo. Mimi sikucheka.

"Sasa nimezoea," akasema. "Hiyo ndio inaniogopesha. Nimezoea mpaka nikiwa na wewe naona kama niko na mgeni."

Tulimaliza siku nne zilizobaki bila ugomvi wowote. Tuliamka, tukaenda baharini, tukala, tukaulizana kama umelala vizuri. Sijawahi kuwa mpweke hivyo, hata zile Jumapili za muthokoi.

Alirudi Uingereza. Mwezi uliofuata nilienda Nairobi, nikapanga laini kwa lile dirisha lingine. Nilipata pasipoti, nikamwandikia kwamba niko tayari.

Alijibu email ndefu, ya kwanza kwa miaka mingi. Aliandika kwa upole. Alinishukuru. Alisema nisije kwa sababu ya kuogopa kumpoteza, kama vile nilivyokaa kwa sababu ya kuogopa kuja. Alisema yeye atabaki huko.

Tuliachana kwa amani, wazee wa pande zote wakiwa wamekaa. Mama yangu ndiye alilia. Ndinda bado humpigia simu.

Sasa member uliyeuliza, jibu lako ndilo hili. Kama mnaanza, nendeni Wasini. Kama mnataka na mji wa kutembea jioni, Zanzibar, lakini ombeni boti iondoke asubuhi na mapema kabla ya umati. Kama mnajua maji na mnapenda utulivu, Mafia, kati ya Novemba na Februari. Msiende popote wakati wa masika, maji yanakuwa kama chai ya maziwa. Na kutoka Juni bahari huwa na fujo.

Somo langu ni fupi. Kabla hujamfanyia mtu jambo kubwa, angalia kama ndilo alilokuomba. Mimi nilimfanyia mke wangu mengi, na yote yalikuwa yale yaliyokuwa rahisi kwangu.

Wenye waume na wake walio mbali, andikeni hapa chini, mniambie mnafanyaje. Hata wenye kunilaumu waandike, sitakasirika. Shule imefungwa, walimu wote wameenda kwao, na mimi niko na ufunguo wa computer room. Nitakuwa hapa. Nitamjibu kila mtu.