Kilemba cha Mtu wa Pangani

Masikio yangu haya, yaliyolegea mpaka yanataka kugusa mabega, niliwahi kuyaficha kama mtu anavyoficha mali ya wizi, na fedheha niliyoipata kwa ajili yake pale uwanjani pa boma, Dodoma, bado inaniunguza uso.

Nilichunga ng'ombe Mvumi hadi Mdachi aliponipeleka shule ya pwani. Nikarudi na kanzu na hesabu kichwani, nifundishe kwa majaribio shule mpya ya serikali, lakini ndani yangu kulikuwa na sauti inanizomea: wewe mchunga, mnuka samli, utamfundisha nani? Ndipo, siku ya kushuka garimoshi, nikafanya jambo dogo tu: nikazikunja ndewe zangu (tundu lake linapitisha kidole gumba, ndivyo tunavyotobolewa Wagogo), nikazifunika kwa kilemba.

Akida, mtu wa pwani mwenye kitambi na maringo yake, akaniuliza, "Mwalimu, kwenu wapi?"

"Pangani," nikajibu.

Basi, kwa sababu ya Pangani hiyo (ambayo sijaitia machoni mpaka leo) ikanibidi nisijue Kigogo, nikawa naukunjia pua mlenda huku mate yamenijaa, nalala na kilemba kama maiti aliyevishwa na walevi, na shangazi yangu aliponifuata na kibuyu cha maziwa, mimi, punguani, nikamwomba askari anitafsirie!

Shangazi alinitazama sana. "Mwambie huyu Mswahili," akasema, "anafanana na mtoto wa kaka yangu. Ila yule alikuwa na adabu." Akaondoka na kibuyu chake.

Siku ya kuthibitishwa kazini ikafika. Watu wamejaa uwanjani, Bwana Mkubwa wa boma, Mdachi, yuko mezani, na akida kando yake, akiomba kazi ile imwendee mpwa wake.

"Mwalimu," Bwana akasema, "watoto hapa hawajui Kiswahili. Nataka mtu wa kuanza nao kwa lugha yao. Wewe unajua Kigogo?"

Jamani, mlango umefunguliwa wote, kilichobaki ni kuingia! Nami, shangazi yangu amesimama mbele kabisa, nikasema, "Hata neno moja, Bwana."

Akida akakohoa kwa raha. Papo hapo upepo ukaipiga bendera, ikalia kama mjeledi, na ng'ombe wa boma waliokuwa wakipelekwa majini wakashtuka, wakatimka moja kwa moja kuielekea meza. Askari wakatawanyika, Bwana akapanda kiti, akida akapiga mbizi chini ya meza, kitambi kikakwama. Na mimi? Miguu haikuniuliza. Nilipandisha kanzu, nikapiga mluzi wa machungani, nikamkata njia dume la mbele huku namtukana kwa Kigogo safi, matusi ya babu yangu yote, mpaka kundi likageuka na kutulia.

Nilipopata fahamu nilikuwa nimesimama kwa mguu mmoja, wayo wa pili juu ya goti, nimeegemea bakora aliyoitupa askari, kama mchunga yeyote wa kwetu. Kilemba kiko kwenye mavi ya ng'ombe. Ndewe zinacheza na upepo.

"Mbukwenyi, mtu wa Pangani!" shangazi akanisalimu kwa Kigogo, kwa sauti ya ngomani.

Uwanja mzima ukaanguka kicheko, na aliyecheka kuliko wote alikuwa bado chini ya meza.

Bwana akashuka kitini. "Kumbe unajua."

"Kidogo, Bwana." (Eti kidogo!)

"Mgogo nilimtaka. Mwongo simtaki. Hao ng'ombe wanakuelewa, kaa nao."

Kazi akapewa mpwa wa akida, ambaye Kigogo hakijui kweli. Siku hizi nachunga karibu na dirisha lake, namsikia akifoka na watoto wamekaa kimya kama mawe, na kila neno analoshindwa kuwaeleza ninalo mimi hapa, mdomoni, namwambia ndama. Nilijiona mwalimu wa bandia, nikajitengeneza mtu wa bandia ili yule wa kwanza asijulikane. Ujinga gani huo? Jua liniunguze, vumbi lijae masikioni, lakini kilemba, ndugu zangu, sivai tena.