Siku Niliyomtuma Mzee Viazi

Mtakaosoma, kwanza nisameheni kwa mwandiko huu na kwa makosa ya herufi. Shule yangu iliishia darasa la saba, na kalamu yangu huenda polepole. Nikiiharakisha, hata mimi mwenyewe siwezi kusoma nilichoandika.

Ilikuwa miaka ya tisini. Viwanda vya minofu ya samaki vilikuwa vinafunguliwa kando ya ziwa, na viwanda vya zamani vinapunguza watu. Baba yangu alipunguzwa kiwandani pale Nyakato. Mimi nilikuwa najifunza kutengeneza injini za boti katika chuo kidogo cha kanisa huko Ilemela. Chuo kilikuwa na marafiki Norwei, nao wakatoa nafasi mbili: wanafunzi wawili waende kufanya kazi mwaka mzima katika karakana ya boti kwao. Sharti lilikuwa kujua Kinorwei cha mwanzo na desturi zao. Tukajiandikisha sita.

Baba alisema neno moja tu. "Ukikosa, utarudi kijijini kwa babu yako ukachunge ng'ombe. Hapa mjini sina cha kukupa."

Mwalimu wetu alikuwa mama wa Kinorwei, mrefu, mwenye mvi. Hakutaka shikamoo wala kuitwa mama. "Niite jina langu," alisema, "na uniangalie machoni." Jina niliweza kulitaja kwa sauti ya chini. Kumwangalia ndiko kulinishinda. Nilitamka maneno yote sawasawa huku nimeikodolea macho miguu ya meza.

"Wewe utafika Norwei umeinama hivyo hivyo," mwenzangu wa dawati moja alinitania. "Watadhani unatafuta sindano."

"Si watanisaidia kuitafuta," nilimjibu. Lakini usiku nilikuwa nauona mkia wa ng'ombe.

Siku ya mtihani hatukupewa karatasi. Mwalimu alipika nyumbani kwake Pasiansi, akatuketisha mezani sisi sita pamoja na mzee wa kanisa aliyekuwa mjumbe wa bodi ya chuo. Mzee huyo ndiye aliyekuja kwetu kumwomba baba aniache nisome. Nilipomwona moyo ulitulia kidogo. Nikainuka nichukue birika nimnawishe, kama mdogo anavyopaswa.

"Kaa!" mwalimu alisema. "Hapa sasa ni Norwei. Kila mtu amenawa mwenyewe bombani. Ukitaka kitu, mwombe aliye karibu nacho, kwa Kinorwei. Atakayesimama tena amefeli."

Mwenzangu aliomba chumvi kwa msichana wa kushoto kwake, akapewa. Msichana akaomba samaki, akapewa. Zamu ikazunguka hadi kwangu, wa mwisho. Kilichobaki kuombwa kilikuwa bakuli la viazi, na bakuli lilikuwa mbele ya mzee.

Sentensi niliijua. Nilikuwa nimeirudia wiki nzima nikiosha mikono kwa mafuta ya taa karakanani. Lakini kwetu mkubwa ndiye humtuma mdogo. Hata maji ya kunywa, nilikuwa sijawahi kumwambia mtu wa rika la baba anisogezee.  Nikatafuta njia ya kupita pembeni, nikasema kwa Kinorwei, "Asante, nimeshiba."

Wote wakaangalia sahani yangu. Ilikuwa tupu.

"Umeshiba harufu?" mwenzangu akanong'ona, na msichana akacheka puani. Mwalimu hakucheka. Alichukua kalamu.

Msichana, nadhani kwa huruma, akanyoosha mkono avute bakuli anisogezee. Mzee akaweka kiganja chake juu ya viazi, vya moto vile vile.

"Acha," alimwambia. Kisha akanigeukia. "Kijana, nilikaa kwa baba yako tangu asubuhi mpaka saa nane nikikuombea nafasi. Sikuja hapa kukuona ukifa njaa kwa adabu. Nitume."

Nikamtazama. Sikumbuki macho yake, nakumbuka kiganja tu, na mvuke ukipita katikati ya vidole.

"Kan du sende meg potetene?" Yaani, unaweza kunipitishia viazi?

Mzee hakujua hata neno moja la Kinorwei. Akaliinua bakuli kwa mikono miwili, akanipa, akasema, "Marahaba."

Nilichukua viazi viwili. 

Majina yalipobandikwa, langu lilikuwa la pili. Jumapili mzee alisimama nje ya kanisa akiwasimulia watu kwa furaha kwamba kijana wetu alimtuma viazi kwa Kizungu. Watu wakacheka. Baba hakucheka. Njiani aliniuliza, "Ni kweli ulimtuma?" Nikasema ni kweli. Wiki ya safari ikafika. Alinifungia nguo za safari yeye mwenyewe, akazikunja vizuri sana, na mpaka naondoka hakuwa ameniambia kama amekasirika.

Hilo linanisumbua hadi leo. Wewe uliyewahi kuketi meza ya wageni na wakubwa zako, ulifanyaje? Niandikie, hata mistari mitatu. Nami nitakujibu, ila univumilie, maana nachelewa kuandika.