Taa ya Kupokea Wakwe

Fundi wa stima wa pale Rongo hubeba tyubu ya taa nyeupe kwapani kama muwa na balbu ya manjano mfukoni, wala hafungi taa kabla ya kumketisha mwenye nyumba chini yake na kumtazama kwa jicho moja. Jioni wageni wangekuja kumposa Dorine, na mama yake alitaka sebule ing'ae kama benki. Fundi akafunga mapazia, akawasha tyubu.

“Mama Dorine, kwenye hii nyeupe unafanana na mtu anayengoja sindano.” Akawasha ya manjano. “Sasa ona, hata makochi yamenenepa.”

Mama akacheka, akakubali. “Lakini hiyo nyeupe funga mlangoni. Huyo kijana nataka nimwone vizuri kabla hajafikia chai.”

Fundi akanyoosha bisibisi kuelekea mlangoni. Mama Dorine alipogeuka, waya wa tyubu ulikuwa tayari unaning'inia pale; fundi alikuwa ameuvuta kabla ya kuambiwa.