Herufi Zilizobanana Juu ya Mlango

Siku moja naikumbuka, mwanangu, kwa harufu ya rangi. Serikali ilikuwa imeruhusu biashara za watu binafsi, na kila mwenye chumba cha mbele alikigeuza duka. Mimi nilikuwa msichana wa Kilema niliyeshuka Moshi mjini, nikapanga chumba mtaa wa Soweto, kando ya barabara ya Arusha, nikaanza kuuza mtori, ile supu yetu nzito ya ndizi. Ndizi alinitumia mama yangu, Anastazia. Hata ubao wa kuandikia jina la mgahawa aliung'oa kwenye kitanda chake cha zamani.

Mama alikuwa na jeraha moyoni. Kahawa ilikuwa hailipi tena, na kaka yangu Deo akang'oa mibuni ya baba ili apande nyanya. Baba akamfukuza. Kaka akaondoka bila kuaga, tusijue kama yu hai.

Basi nikamwita Meku Eliakimu, fundi wa vibao kutoka Old Moshi. Huku kwetu meku ni mzee. Nikampa shikamoo, nikamwonyesha herufi nizitakazo, zenye mikia na maua, kama za kadi ya harusi. Akapima ubao. "Mtori wa Anastazia wa Kilema" haikuenea.

"Basi andika Mtori tu," nikasema. "Chema chajiuza."

Meku akaweka brashi chini. "Binti, ndizi za mama, ubao wa mama, halafu jina lake ndilo unaloona halina nafasi? Mwacha asili ni mtumwa. Toa mikia, usimtoe mama yako."

Nilinuna, maana ujana hununa upesi. Yeye akachora herufi ndefu, nene, zisizo na pambo hata moja, zimesimama wima na kubanana kama waumini kwenye benchi la kanisa siku ya Krismasi: kila mmoja amesogea kidogo, na hakuna aliyebaki nje. Nyekundu juu ya nyeupe. Kusema kweli sikuzipenda. Niliona mgahawa wangu umefanana na tangazo la chanjo.

Desemba ikafika, Wachagga wakarudi nyumbani kama ada yetu. Mchana mmoja nikiwa namenya ndizi, mwanamume mwenye begi akaja kwa miguu, anahema. Alikuwa Deo.

"Nilikuwa napitiliza kwenda Arusha," akasema. "Basi linakimbia, mara naona jina la mama. Nikamwambia konda, mangi mwenzangu, nishushe hapa hapa."

Nikampakulia mtori, ukapoa yeye akilia. Kesho yake tukapanda Kilema, kaka ameshika jani la isale, lile ambalo kwetu ukiletewa huwezi kukataa kusamehe. Baba alilipokea kwa mikono miwili. Mama alimtazama mwanawe, akauliza tu, "Umekula?" Hapo ndipo nilipolia mimi.

Meku ameshafariki, na kila nikifuta vumbi kile kibao namshukuru kwa sauti, wateja wakinicheka. Nawe, mwanangu, penda mapambo, sikukatazi. Lakini pambo likidai nafasi ya waliokulea, lipunguze pambo. Jina lao liandike nene, alione hata anayepita mbio, maana hujui nani yumo njiani akiogopa kurudi nyumbani. Mungu akujalie mlango wako mwenyewe, na juu yake jina la mama yako lienee.