Ukinyamaza, Natoa Vidole

Anayepita nje ya dirisha hili asubuhi atadhani ndani kuna ugomvi. Sauti ya mwanamke imepanda, haina nukta wala mkato.

"Mkeka nilikuambia uanike, umeuanika? Umeusukuma uvunguni. Panya wameutafuna pembe zote. Mgeni akija utamkalisha wapi, baba watoto, kichwani kwako?"

Mume amepiga magoti, uso karibu uguse shokapu ya pikipiki iliyosimamishwa kwenye tundu la gogo. Mke amelalia bomba refu la chuma kwa kifua na mabega. Ncha moja ya bomba imebanwa chini ya chuma kilichopigiliwa ukutani, na katikati yake kuna uma unaokandamiza springi. Vidole vya mume vimo humo, vinachomoa vipande viwili vidogo vinavyoizuia springi isiruke.

"Endelea," anamwambia.

"Nani kakwambia nimemaliza?"

Vipande vinatoka. Mume anarudisha mkono. Mke analegeza bomba polepole, springi inajinyoosha, na hapo ndipo anaponyamaza na kujipangusa jasho.

Hakuna aliyekuwa anagombana. Ilikuwa ni kazi, na maneno yale ni sehemu ya vifaa.

Mtaani mwanamke huyu anaitwa Mama Redio. Mumewe wanamwita Fundi Nane, kwa kuwa ndivyo vidole alivyobakiwa navyo. Watu nao wana ukatili wao wa kuchekesha. Mwenyewe amelizoea jina hilo. "Jina halinitoboi," anasema. "Wakianza kuniita Fundi Sita, hapo nitakasirika."

Wanabadilisha springi za shokapu za nyuma, zile zilizochoka kwa mizigo na mashimo ya barabarani. Karakana yao ni chumba cha kulala. Kitanda husimamishwa ukutani kila asubuhi ili wapate pa kugeukia. Kwa wiki nzuri wanapata jozi sita. Malipo ya jozi moja ni unga wa siku mbili na sabuni.

Zamani Fundi Nane alikuwa ameajiriwa gereji yenye mashine ya kubania springi. Kiwanja kikauzwa, mashine ikaondoka na mwenyewe, naye akaondoka na spana zake. Nyumbani alihitaji mtu wa kulalia bomba, na aliyekuwepo ni mke wake.

"Nilikuwa na ujauzito wa mtoto wetu wa mwisho," Mama Redio anakumbuka. "Uzito ulikuwepo. Akaniambia, 'Mke wangu, Mungu katuletea jeki.' Tulicheka siku nzima."

Kicheko hakikudumu. Mtoto alipoanza kutembea, mama alishikwa na homa. Mteja alikuwa mlangoni na sufuria ilikuwa tupu. Akashika bomba bila kumwambia mumewe kwamba anaumwa.

"Niliona giza tu, kama mtu amefunga mlango," anasimulia, macho yake yakiwa kwenye mkono wa mume. "Nilipozinduka nikaona damu ukutani. Nikadhani ni yangu."

Springi ilikuwa imeruka na vidole viwili vya mkono wa kushoto.

Baada ya hapo Mama Redio hakufungua mdomo kwa muda mrefu. Alipika, akafua, akamfunga mumewe bandeji, kimya kimya. Ilipobidi warudi kazini, mume ndiye aliyeweka sharti.

"Nilimwambia, siku ile ungepiga hata kelele moja ningetoa mkono," anasema Fundi Nane. "Sasa ukishika bomba, ongea. Nisimulie, nitukane, niimbie, upendavyo. Ukinyamaza, natoa vidole."

Tangu hapo hajakosa la kusema. Ameshawasema majirani, mawifi, bei ya mkaa, na ndoa yake mwenyewe mbele ya wateja. Yupo dereva wa bodaboda aliyekuja kubadilisha springi akaondoka akijua kwamba fundi anakoroma na hakubali. Vijana wa mtaani wamejitolea kulalia bomba badala yake. Fundi amekataa. Anasema sauti ya mkewe anajua inavyoanza kuchoka, za wengine hazijui.

Na sasa imeanza kuchoka. Hospitali walimwambia mishipa ya bega la kulia imechanika, asikandamize wala asinyanyue kitu kizito. Alitoka na vidonge. Kesho yake akalalia bomba kwa bega la kushoto.

"Zamani kwa springi moja angekumalizia msiba mzima, toka mgonjwa alipougua mpaka ndugu walipogombania mirathi," mume anasema. "Siku hizi maneno machache tu, pumzi imekata. Na mimi mwenyewe mkono wangu si mwepesi kama zamani."

Asubuhi hii dereva mmoja wa bodaboda amekaa kizingitini akisubiri shokapu ya pili. Springi mpya imeshavishwa. Kilichobaki ni kuikandamiza na kurudisha vile vipande viwili. Mama Redio analala juu ya bomba na kuanza habari za harusi ya binti wa jirani.

"Wamealika mtaa mzima. Tumefika, hakuna pa kukaa. Viti vyote vili..."

Kimya.

Mkono wa fundi umeshatoka. Bomba linaruka, springi inagonga bati la paa na kuangukia karibu na mlango. Dereva amerukia nje. Anacheka, kisha anamwona Mama Redio ameketi sakafuni akishika bega, na kicheko kinamwishia.

"Nisamehe," mke anasema. "Nilitaka kusema, sauti haikuja."

"Nimesikia haikuja." Mume anampelekea mikono yote miwili usoni. "Nane. Hesabu mwenyewe."

Anavihesabu kweli, kimoja kimoja, kwa kuvigusa. Inauma kutazama.

Wote wanapiga magoti, mwandishi wa makala haya akiwemo, kutafuta kipande kilichoruka. Kinapatikana ndani ya kiatu cha mtoto. Dereva anasema anaweza kurudi kesho, lakini anasema kwa adabu tu. Pikipiki haiendi bila shokapu, na jikoni hakuna cha kuteleka asipolipa. Mama Redio anasimama. Analalia bomba tena.

"Viti vilikuwaje?" mume anamuuliza, kabla hajaingiza vidole.

"Vya kukodi," anajibu, meno yamekazana. "Vyote. Vimevunjika miguu. Bibi harusi... amekalia... ndoo."

Vipande vinaingia. Dereva analipa na kuondoka bila kuomba punguzo.

Kwa mchomeleaji wa mtaa wa pili kuna fremu ya chuma iliyoegeshwa ukutani. Ndiyo itakayokuwa mashine yao, ikipata jeki ya gari. Wanailipia kidogo kidogo, na Fundi Nane hupita kuitazama kila akipata nafasi. Hajui itakamilika lini. Bega halisubiri, hilo analijua.

Akiulizwa atafanya nini siku mashine ikifika, anamgeukia mkewe, aliyeegemea ukuta, macho ameyafumba.

"Nitamkalisha pale mlangoni, mimi nikiwa na vidole ndani ya springi," anasema. "Anyamaze mpaka achoke mwenyewe. Na mimi nisiogope."