Bakteria Hai wa Sokoni Inde

Kwa miaka sita kazi yangu ilikuwa kusugua sakafu za zahanati moja huko Mvara kwa dawa ya kuua vijidudu. Kwa hiyo mama mmoja Mkongo aliyeuza dawa sokoni Inde aliponiambia chupa yake ya vidonge ina bakteria wazuri, nilimtazama mikono kwanza, kisha macho.

"Mutoto akimeza, mafua haimushike kila mara," alisema.

Binti yangu wa miaka minne alikuwa akikohoa tangu mvua zianze. Nikanunua, lakini sikumpa. Nilimwuliza daktari wa zahanati yetu.

"Si uongo," alisema. "Tumboni wanaishi bakteria wanaousaidia mwili kujiandaa dhidi ya virusi, hata vya kifua. Ila wawe hai, na msaada wenyewe ni mdogo. Chupa hii siijui."

Neno "hai" lilinikaa moyoni. Wakati huo shangazi wa mume wangu alikuwa amekuja kutoka Koboko na kibuyu cha maziwa ya mgando, na kwa kuogopa vijidudu nilikuwa nimemkataza mtoto kuyagusa. Nikawaza kwamba bakteria walio hai wangeyagandisha maziwa. Nilichemsha maziwa, yakapoa hadi vuguvugu, nikayagawa katika vikombe viwili. Katika kimoja nilitia unga wa vidonge vya chupa, katika kingine kijiko cha mgando kutoka kibuyuni.

Shangazi alisimama mlangoni. "Unapima mimi?"

"Napima chupa, shangazi."

"Na hii kibuyu yangu?"

Nilivifunika vikombe vyote viwili kwa visahani.

Kesho yake kikombe cha kibuyu kilikuwa kimeganda. Cha pili kilibaki maziwa matupu. Nikaenda Inde moyo ukichemka, tayari kwa ugomvi. Yule mama alinisikiliza, akagusa chupa zilizopigwa na jua mezani pake.

"Pengine ilikufa na joto. Mimi pia sikujua," alisema, akaziondoa zote.

Nilirudi nikijiona mjanja, hadi daktari aliposema si kila bakteria mzuri hugandisha maziwa. Kipimo changu hakikuthibitisha kitu. Wiki iliyofuata nilienda kumwambia yule mama kwamba huenda nilikosea. Meza yake ilikuwa na sabuni tu.

Binti yangu sasa anakunywa mgando ninaotengeneza kwa maziwa yaliyochemshwa. Mafua yamepungua. Labda ni mgando, labda ni kiangazi, labda amekua tu. Nikimpa kikombe nakinusa kwanza, na shangazi, akiwepo, hugeuza uso pembeni.