Mfalme wa Wareno Aliyeimbiwa Euless

Mwaka 2018 naujua kwa bata mzinga. Binti yangu alipewa mmoja kazini, kwenye maghala ya uwanja wa ndege hapa mjini Euless, ughaibuni, mkubwa kuliko sufuria zetu zote. Tukamla kwa pilau, tukamla kwa sambusa, mpaka mjukuu wangu akasema, "Bibi, please, no more."

Wiki hiyohiyo mjukuu, msichana wa miaka kumi na mitatu, akapewa kazi ya shule: aeleze maisha ya mfalme wa zamani mbele ya wazazi. Akachagua Mreno.

"Mreno!" nikamaka. "Hao waliotuchomea Mombasa?"

"Bibi, huyu alikufa way before."

Akanisimulia. Mfalme alipanda misonobari ili mchanga wa pwani usile mashamba. Mwanawe wa kumzaa alimwinulia upanga. Wakubwa wakiandika Kilatini, yeye alitaka hati za nchi ziandikwe kwa lugha ya sokoni, na kwa lugha hiyo akatunga nyimbo, nyingine kwa sauti ya msichana anayemngoja mpenzi. Nikacheka. Mimi darasa la tatu sikulimaliza, lakini harusi ngapi zimechezwa kwa nyimbo zangu!

"Huyo ni mwenzangu," nikasema. "Nitamwimbia."

Binti yangu akaona haya. "Mama, watu hawataelewa. Nita-translate, uimbe Kiingereza."

"Kizungu siimbi, hata mfalme mwenyewe akija kuniomba."

Siku yenyewe mjukuu alisema yote bila karatasi. Kisha nikasimama na leso zangu, nikatoa:

"Mfalme kapanda miti, mchanga urudi pwani!"

Nikangoja. Kwetu wimbo usipoitikiwa hauendi mbele, nami nilisahau kuwa pale hakuna wa kuitikia. Binti yangu akatazama viatu vyake. Nikikaa chini, nimemwaibisha mtoto mbele ya shule nzima.

Ndipo sauti ikatoka ubavuni mwangu, ya huyohuyo anayenijibu Kizungu hata nikimuuliza kama ameshiba:

"Mchanga urudi pwani!"

Kichwa juu, wallahi. Beti nne tukaimba, zote akaitikia, na wasiojua hata neno moja wakatupigia makofi. Mimi nikavimba kama andazi.

Baadaye mwalimu akaja akasema na mjukuu kwa Kizungu. Mjukuu akanigeukia huku anacheka: mwalimu anataka mwakani nirudi, ila niimbe kwa Kiingereza ili wote waelewe.

"Bibi, nimwambie nini?" Kwa Kiswahili, bila kulazimishwa.

"Mwambie nilivyomwambia mama yako: Kizungu siimbi, hata mfalme mwenyewe akija kuniomba."